MAJI YALIYO CHINI YA ARDHI NA AMANI YA MAJIRANI

Katika Sura Al-Muuminun Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba maji huteremshwa kutoka mbinguni kwa kipimo, kisha hutuzwa ardhini, na kwamba Yeye aliyeyatuza ana uwezo wa kuyaondoa. Na mwishoni mwa Sura Al-Mulk watu wanaulizwa ni nani atakayewaletea maji yatiririkayo, iwapo maji yao yatadidimia chini. Wafasiri wengi wameyaeleza maneno haya kwa njia ya kiroho, na hapana shaka maana hiyo imo. Lakini maana ya dhahiri haikufutwa kwa ajili hiyo. Mkulima wa Mugumu na mchungaji wa Nyamongo wanaelewa vizuri sana maana yake maji yakididimia.

Katika somo hili tunataka kuitazama maana hiyo ya dhahiri. Maji yaliyotuzwa ardhini hutafutwaje? Na je, ni kweli kwamba yakipatikana ugomvi wa majirani hupungua? Wako wanaojibu swali la pili kwa haraka na kusema ndiyo. Sisi tunasema kwamba ugomvi hupungua pale ambapo watu wamekwisha patana juu ya kisima kabla hakijachimbwa. Pasipo mapatano hayo kisima kipya huweza kuwa sababu mpya ya kugombana.

Tunaandika tukiifikiria zaidi Bomani ya Tarime, na wilaya ile pamoja na jirani yake Serengeti, katika Mkoa wa Mara. Jina la Bomani kila msomaji analielewa: ni mahali penye boma la serikali, ambapo mashauri ya watu huletwa. Na miongoni mwa mashauri yaletwayo maboma yote ya Afrika Mashariki, yale ya ng'ombe, malisho na maji hayajapata kukosekana.

Ugomvi wenyewe

Kwanza ifahamike kwamba Tarime si jangwa. Nchi ya juu, upande wa mpaka wa Kenya, hupata mvua nyingi, na migomba na kahawa hustawi huko. Lakini mtu akishuka kuelekea bonde la Mto Mara, na akivuka kwenda Serengeti, mvua hupungua na kiangazi huwa kikali. Vijito hukauka, malambo hubaki na tope, na mifugo ya koo mbalimbali hukutana penye maji machache yaliyosalia. Mto Mara wenyewe, wenye urefu wa kilomita 395 hivi, hutokea katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika mbuga za wanyama za Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia Ziwa Victoria katika mkoa huu. Kila anayekata msitu kule juu anamgusa anywaye huku chini, ingawa hawajuani.

Koo za Wakurya, kama Wanchari, Warenchoka, Wanyabasi, Wakira na Watimbaru, zimepigana mara nyingi. Sababu zinazojulikana zaidi ni wizi wa ng'ombe na mipaka ya ardhi, hata Serikali ikaona lazima kuweka kanda maalumu ya polisi ya Tarime na Rorya. Atakayedai kwamba visima pekee vitamaliza mambo hayo anajidanganya, maana ng'ombe aliyeibwa harudishwi na kisima. Walakini penye maji ndipo wachungaji wa pande mbili wanapokutana kila siku, fimbo mikononi, na ng'ombe wenye kiu wakiwasukuma kutoka nyuma. Mahali hapo pakiwa na utaratibu, cheche nyingi huzimika kabla hazijawa moto.

Kwamba cheche za namna hii huweza kuua, ushahidi upo wa kutosha. Mwezi wa Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Mwezi wa Januari 2005, huko Maai Mahiu nchini Kenya, Wamasai na Wakikuyu walipigana juu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Walio chini walilalamika kwamba walio juu wameyageuza maji kwenda mashambani mwao, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Tena kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, katika bonde la Mto Tana, Wapokomo na Waorma waliuana hata idadi ya waliokufa ikapita mia moja. Wapokomo ni wakulima wa kando ya mto, na Waorma ni wafugaji ambao wakati wa kiangazi hawana pengine pa kunywesha ila mto huo huo. Siasa na silaha ziliongezwa katika ugomvi huo, ni kweli, lakini zilikuta kuni zilizokwisha kauka.

Maji yamekaa wapi?

Wengi hudhani kwamba chini ya ardhi mna mito na maziwa yaliyofunikwa, na kwamba kazi ya mchimbaji ni kutoboa tu hata ayafikie. Ukiacha baadhi ya nchi zenye mapango ya mawe ya chokaa, mambo hayako hivyo. Maji hukaa katika nafasi ndogo ndogo kati ya chembe za mchanga na changarawe, na katika nyufa za miamba. Chukua bakuli la mchanga ulimwagie kikombe cha maji. Maji yatapotea machoni pako lakini yamo. Toboa shimo katikati ya mchanga ule, nayo yatajikusanya polepole katika shimo. Kisima ni shimo hilo.

Sasa miamba ya Mara ni ya namna gani? Sehemu kubwa ni matale na mawe mengine ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Baadhi yake ndiyo yenye dhahabu iliyoleta wachimbaji Nyamongo na kwingineko. Mwamba wa namna hii ukiwa mzima hauna maji, kama vile jiwe la kusagia lisivyo na maji. Maji hupatikana mahali pawili tu: katika tabaka la juu ambalo mwamba wake umeoza kwa jua na mvua za miaka mingi ukawa kama changarawe na udongo, na katika nyufa zilizopasua mwamba mzima chini ya tabaka hilo. Ndiyo sababu mtu huweza kuchimba mita sitini akatoka mikono mitupu, na jirani yake, hatua hamsini kutoka hapo, akapata maji ya kutosha kijiji. Huyu wa pili si lazima awe na baraka kuliko wa kwanza. Huenda ameangukia ufa.

Kuufahamu ufa ulipo ni elimu, nayo huanza kwa macho. Wazee wanajua mahali ambapo mkuyu haupukutishi majani wakati wa kiangazi, na mikuyu hupenda mahali ambapo maji hayako mbali. Wanajua pia ni pembe ipi ya bonde ambapo mchanga wa mto mkavu ukifukuliwa hutoa maji. Miti mikubwa ikijipanga mstari mmoja ulionyooka katika nchi kavu, yamkini chini yake pana ufa. Mtaalamu mwenye busara huwauliza wazee kabla ya kufungua sanduku lake la vyombo, kisha hutazama picha zilizopigwa kutoka angani, ambazo huonyesha mistari ya nyufa hizi kwa urefu wa maili nyingi.

Hapa wasomaji watataka kujua habari za wale watembeao na kijiti chenye panda, ambacho husemwa kwamba huinama chenyewe penye maji. Watu wa namna hiyo wako hata Ulaya, na wengine ni watu waaminifu wasiokusudia kudanganya. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu hayakuonyesha kwamba kijiti kinashinda kubahatisha. Sifa yake hutokana na hili, kwamba katika nchi yenye maji mengi chini kila shimo hupata maji, na kijiti hupewa shukrani isiyo yake. Ama wale wanaodai kuonyeshwa maji na mizimu, na kutaka mbuzi kabla ya kusema neno, tunamshauri msomaji abaki na mbuzi wake.

Njia itumiwayo zaidi na wataalamu si ya siri. Hupigiliwa vijiti vinne vya chuma katika mstari mmoja. Umeme hupitishwa ardhini kwa vijiti viwili vya nje, na vile viwili vya ndani hupima jinsi ardhi inavyoupinga umeme huo. Mwamba mkavu na mzima huupinga sana; mwamba uliooza na kulowa huupitisha kwa urahisi zaidi. Vijiti vya nje vikisogezwa mbali na mbali zaidi, umeme huzama chini zaidi, hata mtaalamu akaweza kuchora matabaka ya ardhi bila kufukua hata koleo moja. Walakini chombo hakisemi "hapa pana maji." Udongo wa mfinyanzi nao huupitisha umeme vizuri, ingawa hautoi maji, na maji ya chumvi huupitisha vizuri kuliko yote. Hivyo mtu asiye na ujuzi akifuata namba peke yake huweza kuchimba katika mfinyanzi na kulipa gharama bure.

Kisha huja mtambo wa kuchimba. Kazi haijaisha maji yanaporuka juu na watu wakapiga vigelegele. Kwa kweli hapo ndipo pa kuwa na subira. Kisima hupigwa pampu mfululizo, mara nyingi saa 24 au zaidi, huku kina cha maji kikipimwa, na baada ya kuzima pampu hupimwa ni muda gani maji huchukua kurudi mahali pake. Kisima kinachotoa maji mengi asubuhi na kukauka alasiri kitawagombanisha watu kuliko kukosa kisima kabisa. Na maji yenyewe ni lazima yapimwe. Mkoa wa Mara umo katika mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, kwani ikizidi sana huharibu meno ya watoto yakawa ya kahawia, na kwa miaka mingi huweza kupinda mifupa. Katika nchi za dhahabu hupimwa pia aseniki, ambayo ni sumu isiyoonekana wala kuonjeka.

Habari za Turkana

Mfano mkubwa wa maji ya chini na matumaini ya amani ulitokea kaskazini mwa Kenya. Mwezi wa Septemba 2013 Serikali ya Kenya pamoja na UNESCO walitangaza kwamba hifadhi kubwa ya maji imegunduliwa chini ya nchi kame ya Turkana. Kampuni ya Alain Gachet, mtaalamu wa miamba kutoka Ufaransa, ilikuwa imechanganya picha za setilaiti na za rada pamoja na elimu ya miamba, na gharama ilisaidiwa na Serikali ya Japani. Mashimo yaliyochimbwa yalithibitisha hifadhi mbili, moja katika bonde la Lotikipi na nyingine karibu na mji wa Lodwar. Ilisemwa kwamba Lotikipi peke yake huenda ina maji kiasi cha mita za ujazo bilioni 200 au zaidi.

Magazeti ya dunia yalishangilia. Lotikipi iko upande wa mipaka ya Sudani Kusini na Ethiopia, na katika nchi zile Waturkana, Watoposa, Wanyangatom na Wadasanechi wamenyang'anyana mifugo na malisho kwa vizazi vingi. Watu wakasema sasa bunduki zitawekwa chini. Lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunywewa na binadamu, na kuyasafisha kungehitaji mitambo na fedha nyingi. Yale ya karibu na Lodwar yalikuwa bora.

Hatuisimulii habari hii kwa kumcheka mtu. Picha ya setilaiti ni msaada mkubwa, na Lodwar ilifaidika. Lakini maji yaliyotangazwa kabla ya kuonjwa yalitiwa katika hesabu ya amani mapema mno. Tena hata kama yangekuwa matamu, swali lingebaki kwamba kisima kikichimbwa katika malisho ambayo makabila mawili huyagombea, ni nani atakayehama kuyafuata maji, na ni nani atakayesema kwamba amenyang'anywa? Wachunguzi wa nchi kame wameona mara nyingi kwamba kisima kikubwa kilichochimbwa bila kushauriana huvuta mifugo kutoka kila upande, hata nyasi zikaisha kwa mwendo wa siku nzima kukizunguka.

Kwa kipimo

Kurani Tukufu imetumia neno la kipimo, na hapa Tanzania tunao ushahidi wa jambo hilo ambao wataalamu wa nchi nyingi wamekuja kuutazama. Makutupora, karibu na Dodoma, ni bonde la visima ambalo limeunywesha mji huo tangu siku za ukoloni. Kina cha maji katika visima vyake kimeandikwa tangu miaka ya 1950, nayo ni kumbukumbu ndefu kuliko nyingi zilizo katika Afrika. Mwaka 2013 wanasayansi wa Uingereza na Tanzania walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya kumbukumbu hizo za miaka 55. Waliona kwamba katika miaka ya kawaida mvua ya Dodoma huongeza maji kidogo sana chini, au haiongezi kitu. Hifadhi hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Misimu saba tu ilileta kadiri ya asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia, na msimu mmoja wa 1997/98, ule wa El Niño, ulileta karibu asilimia 20.

Mvua zile zilizovunja madaraja na kuzamisha mashamba, ambazo watu waliziona kuwa adhabu tupu, ndizo zilizojaza ghala ambayo mji wa Dodoma uliinywa miaka iliyofuata. Lakini kuna jambo la pili, nalo ni onyo. Ghala inayojazwa mara moja katika miaka kadha wa kadha huwezi kuitumia kana kwamba hujazwa kila masika. Watu wakipatana juu ya kisima yafaa wapatane pia juu ya kiasi cha kuchota.

Nani mwenye kisima?

Tunafika sasa kwenye kiini cha somo letu. Wasomaji wetu waliolelewa katika Ukristo wanaikumbuka habari ya Nabii Isihaka a.s. katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 26. Visima vilivyochimbwa zamani za baba yake vilikuwa vimefukiwa na Wafilisti, naye akavifukua. Watumishi wake walipochimba kisima kipya bondeni wachungaji wa Gerari wakakigombea. Wakachimba cha pili, nacho kikagombewa. Cha tatu hakikugombewa, na majina ya visima vile yakabeba kumbukumbu ya ugomvi na ya nafasi. Wengi huishia hapo. Lakini mlango unaendelea kueleza jinsi Abimeleki alivyokuja, wakala chakula pamoja, wakaapiana asubuhi na mapema, na siku ile ile watumishi wakaleta habari kwamba maji yamepatikana. Msomaji aangalie mpango wa habari yenyewe: kiapo kilitangulia, habari ya maji ikafuata. Na kabla ya hapo, Nabii Ibrahimu a.s. alimtolea Abimeleki wa zamani zake wana-kondoo saba wawe ushahidi kwamba kisima kile ni yeye aliyekichimba. Hati za ardhi za leo ni jamaa wa kondoo wale.

Kurani Tukufu nayo inasimulia habari ya Nabii Saleh a.s. na kaumu ya Thamudi. Watu wale waliambiwa kwamba ngamia jike ana zamu yake ya kunywa nao wana zamu yao, kwa siku iliyowekwa. Wakamuua ngamia, nao wakaangamia. Tunasoma habari hii kama ishara ya Nabii, na ndivyo ilivyo. Lakini angalia kwamba jaribio lililowashinda lilikuwa zamu ya maji. Tena katika Sura Al-Qasas, Nabii Musa a.s. alipofika penye maji ya Madiani aliwakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao kando, wakingoja wachungaji wote wamalize, kwa kuwa baba yao alikuwa mzee. Nani hajaliona jambo hili kwa macho yake? Katika visima vingi hadi leo anayengoja mwisho ni mwanamke mwenye ndoo au mtoto aliyetumwa, ilhali ng'ombe mia moja wa mtu mwenye nguvu wamekwisha kunywa na kuchafua.

Madina palikuwa na kisima kiitwacho Ruma, na mwenyewe alikuwa akiuza maji yake. Mtume Mtukufu s.a.w. alitamani kipatikane kwa ajili ya watu, na Seyidna Uthman r.a. akakinunua. Imepokewa kwamba kwanza alinunua nusu tu, siku moja yake na siku moja ya mwenye kisima. Watu wakawa wanachota siku ya Uthman maji ya siku mbili, hata yule mwingine akaona hana biashara, akauza nusu iliyobaki. Ndipo kisima kikawekwa wakfu kwa wote. Pia yamepokewa mafundisho kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Kwamba mtu asizuie maji yaliyomzidia ili kuwanyima wengine malisho. Na kwamba mwenye kuchimba kisima ana haki ya dhiraa arobaini kukizunguka kwa ajili ya mifugo yake. Mtu anaweza kuona haya ni mambo madogo. Lakini yule aliye na haki ya eneo la kisima na yule aliye na haki ya maji yaliyozidi, wote wawili wamepewa kitu, na kila mmoja amewekewa mpaka.

Utaratibu wa namna hii haukukosekana katika Afrika. Waborana, wakaao kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wana visima vya kale vilivyochimbwa katika mwamba, vingine kina chake kikikaribia mita 30, na watu husimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo huku wakiimba. Kila kisima kina ukoo wa yule aliyekichimba kwanza. Lakini yuko mtu mwingine, aitwaye abba herega, ambaye kazi yake ni zamu: nani atanywesha leo, nani kesho, na mgeni aliyeomba atawekwa wapi. Miliki na zamu vimetenganishwa, visishikwe na mkono mmoja. Kwa maoni yetu kuna hekima kubwa katika jambo hilo dogo.

Kabla ya mtambo kufika

Tanzania imejifunza kwa gharama. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka ishirini ili kufikia 1991 kila nyumba ya kijijini iwe na maji ya kufaa katika mwendo usiozidi mita 400. Shabaha ilikuwa njema lakini haikufikiwa. Pampu nyingi ziliharibika, mafuta na vipuri vikakosekana, na wanakijiji waliona kwamba kisima ni cha Serikali, basi Serikali ije ikitengeneze. Mpango wa HESAWA, uliosaidiwa na Swideni kuanzia 1985 hadi 2002 katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara, ulijaribu njia nyingine: visima vifupi vya kuchimba kwa mikono, vyenye duara za saruji na pampu za mkono, wanakijiji wakitoa nguvu zao na kuchagua watunzaji wao.

Kwa sheria ya 2009 maji yote ya Tanzania Bara, ya juu na ya chini, ni mali ya umma, nayo yamo mikononi mwa Rais kwa amana. Kwa upande wa Mara vibali husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza, na huduma ya vijijini imo chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa 2019, pamoja na vyombo vya watumia maji ambavyo wanakijiji wenyewe ni wanachama. Basi ukoo usijidai kwamba maji yaliyo chini ya shamba lake ni yake milele. Lakini kibali cha Mwanza hakiwezi kumwambia mchungaji asimame wapi alasiri ya kiangazi. Hilo huamuliwa na watu wa mahali.

Wakurya wanao mkutano wao wa hadhara uitwao iritongo, ambapo mambo ya watu husemwa mbele ya wote. Tunaona inafaa kisima kinachokusudiwa karibu na mpaka wa koo mbili kifikishwe katika mikutano ya pande zote mbili, pamoja na viongozi wa vijiji, kabla mtaalamu hajapigilia kijiti chake cha kwanza. Na wanawake waitwe, maana wao ndio wachotaji. Yajadiliwe mambo ya wazi. Je, kisima kikae mpakani, au kila upande upate chake kidogo? Sisi tunaelekea visima viwili vidogo kuliko kimoja kikubwa, ikiwa ufa wa mwamba unaruhusu. Bomba la ndoo litenganishwe na birika la mifugo, na birika lisogezwe mbali, upande wa chini wa mteremko, ili kinyesi kisirudi kisimani. Vyoo navyo viwe umbali usiopungua mita 30. Ng'ombe wa kila kijiji wajulikane siku zao, na ijulikane mapema ni nini kitafanyika mwaka ambao mvua imekosa kabisa, kwa sababu mapatano ya mwaka wa neema huvunjika mwaka wa dhiki kama hayakuutaja.

Ufunguo wa pampu na daftari la zamu visikae katika nyumba moja. Fedha za vipuri zitunzwe na watu wa pande zote mbili, na hesabu isomwe hadharani. Tena wateuliwe vijana wawili, mmoja kutoka kila upande, wanaojua kusoma na kuandika, wapewe kamba yenye alama na kitu kizito mwishoni. Kila mwezi, alfajiri kabla pampu haijaguswa, washushe kamba pamoja, wapime maji yamekaa mita ngapi chini, waandike namba ile katika madaftari mawili yanayofanana, na kila mmoja atie sahihi katika daftari la mwenzake.